Unaingia Dar peke yako kwa mara ya kwanza? Pitia hapa kabla hujapanda basi

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, na kila watu wanapoitwa kwenye usaili, humu zinafumuka nyuzi za "naenda Dar mara ya kwanza, niko peke yangu, nifanyeje". Majibu yake tunayajua. Nusu vitisho, nusu utani. "Dar haina baba." "Ukishuka stendi shika begi kwa meno." Mtu anaondoka kwenye uzi na hofu kuliko aliyokuja nayo, na bado hajui apande gari gani.

Mimi naishi huku, na ukoo mzima ukija mjini unafikia kwangu. Kuelekeza wageni kwenye simu nimeshakuzoea mpaka naweza kufanya huku nimelala. Na kwa jinsi ninavyowaona, anayepotea Dar ni yule aliyebeba jina la mtaa bila kujua mtaa huo uko barabara gani. Ushamba hauhusiki kabisa. Nina mjomba alikuwa hajawahi kuvuka Makambako, alifika mlangoni kwangu bila kupiga simu hata moja, kwa sababu alipoelekezwa aliandika vituo kwenye karatasi.

Kwa hiyo anza hapa. Kutoka katikati ya mji, yaani Posta na Kariakoo, barabara kubwa zimetawanyika kama vidole. Morogoro Road inapita Fire, Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara mpaka Mbezi. Bagamoyo Road inapita Morocco, Makumbusho, Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju. Nyerere Road, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inapita Tazara, uwanja wa ndege, Ukonga, Gongo la Mboto. Kilwa Road inaelekea Mtoni na Mbagala. Halafu ipo ya kukatiza: ukitoka Mwenge unaifuata Sam Nujoma hadi Ubungo, pale inageuka Mandela Road, inapita Tabata, Buguruni, Tazara hadi bandarini. Ukishazijua hizi, mji umeisha. Mwenyeji akikwambia anakaa mahali fulani, swali lako la kwanza liwe "ni barabara gani?" na la pili "kituo gani?" Jina la mtaa litakusaidia ukishashuka.

Kwa nini nasisitiza barabara? Kwa sababu Mbezi ziko mbili. Ipo Mbezi Luis ya Morogoro Road, ndiko iliko stendi kuu ya mabasi, na ipo Mbezi Beach ya Bagamoyo Road. Binamu yangu mmoja mwenyeji wake alikuwa Mbezi Beach. Basi lilipoingia stendi akasikia watu wanaita Mbezi, Mbezi, akashuka anachekelea, akapiga simu: nimeshafika, nipo hapa Mbezi. Mwenyeji katoka hadi barabarani kumpokea. Walitafutana karibu nusu saa, kila mmoja anaapa yupo Mbezi na kila mmoja anasema kweli. (Dawa yake ni daladala zinazopita Goba, zinakukatisha moja kwa moja kutoka Morogoro Road hadi Bagamoyo Road. Huna haja ya kuzunguka mjini.)

Na usishangae konda akiita "Mombasa". Hakuna anayekupeleka Kenya, Mombasa ni kituo cha Ukonga. Morocco iko Kinondoni, Argentina iko Manzese, na watu wa Tanga, hiyo Korogwe mnayoisikia ni ya Kimara.

Stendi sasa. Mabasi ya mikoani yanayoingilia Morogoro Road yanafikia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021. Wazee nyumbani watakwambia "shuka Ubungo", wasikilize kwa heshima lakini stendi ilishahama. Baadhi ya mabasi huendelea hadi ofisi zao za maeneo ya Shekilango, kwa hiyo mkiwa Chalinze muulize mhudumu basi lenu linaishia wapi.

Ukishuka utapokelewa na kundi la watu wanaokuita anko, dada, mkwe, wanataka kujua unaenda wapi na mkono wao uko tayari kwenye begi lako. Wengine wanatafuta riziki tu, wanakupeleka kwenye bajaji au teksi wapewe chao. Tatizo chao kinatoka mfukoni mwako. Usibishane, usieleze safari yako. "Asante kaka, napokelewa" inatosha, huku unatembea. Ukisimama tu ndiyo wameshakupata.

Halafu kuuliza. Hapa nina msimamo na sibadiliki: anayekufuata kukuelekeza usimfuate, muulize aliyekaa kwenye kazi yake. Wakala wa miamala kwenye kibanda, mama anayekaanga mihogo, fundi viatu, mlinzi wa geti. Huyo hawezi kuacha biashara yake akupeleke uchochoroni. Anza na salamu. Dar tunasemwa hatuna salamu, lakini jaribu: "Shikamoo mama, samahani, naomba unielekeze magari ya Tabata Segerea nayapatia wapi?" Atakuonesha mpaka na kidole, na usiposikia vizuri atamwita kijana wake akuoneshe. Mwingine anaanza na "oya, Segerea wapi hapa?" halafu anakuja humu kulalamika watu wa mjini wana roho mbaya.

Daladala. Ruti imeandikwa mbele, mwanzo na mwisho, na rangi ya mchirizi ubavuni inafuata ruti. Ila usipande kwa rangi wala kwa maandishi peke yake. Muulize konda kabla hujaweka mguu: "Unafika Gongo la Mboto mwisho?" Neno la kazi hapo ni "mwisho". Jioni foleni ikikolea kuna madereva wanakatisha ruti, wanawashusha njiani wageuze. Ukimuuliza mbele ya abiria wenzako, akikatisha ana watu kumi wa kumsimanga pamoja na wewe.

Jioni hiyohiyo utaona kitu kitakachokuchanganya. Gari linakuja kituoni limejaa watu waliokaa na hakuna anayeshuka. Hao wamegeuza nalo. Wamelipandia mbele huko likiwa linakuja mjini, wamelipa nauli ya kuja, na watalipa tena ya kwenda ili tu wapate siti. Mgeni mwenye begi, ukiwa na safari ndefu ya Chanika au Bunju saa kumi na moja jioni, geuza nalo na wewe. Ni pesa kidogo na mgongo wako utakushukuru.

Chenji uwe nayo. Noti ya elfu kumi asubuhi ni ugomvi. Simu isiwe mkononi ukiwa dirishani kwenye foleni, dirisha lile linafunguka pande zote mbili, nadhani mmenielewa.

Uzi uko wazi, wenyeji ongezeni.

#2 – binti wa Songea

Asante sana kaka kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Mimi naingia wiki ijayo, naenda kuripoti chuo na sina ndugu Dar, nimepata tu namba ya dada anayesoma pale. Shida yangu basi linafika usiku, wanasema saa nane au saa tisa. Niko peke yangu na mabegi mawili. Nichukue boda, bajaji au nifanyeje?

#3 – Mleta uzi

Karibu sana mdogo wangu. Usichukue chochote.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, watu wengi wanaingia Mbezi giza likiwa bado nene, na haraka ya kutoka stendi ndiyo inayowaponza. Usitoke. Ndani ya jengo kuna taa, kuna walinzi, kuna polisi, na kuna wasafiri wengi wanaosubiri kukuche kama wewe. Tafuta akina mama wenye watoto na mizigo, kaa nao. Wasalimie, mwambie mmoja unasubiri asubuhi. Begi dogo lenye vyeti, simu na pesa lisitoke kifuani, hata chooni uende nalo. Kubwa unaweza kulikalia.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri magari yanaanza kuchanganya na saa kumi na mbili kumeshakucha, unatoka kama mwenyeji. Na huyo dada mwambie mapema asije usiku kukupokea, mtakuwa wawili wa kuwahofia.

Kama chuo chenyewe ni cha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), huna haja ya kuonana na katikati ya mji kabisa. Unakuja na Morogoro Road hadi Ubungo, unachukua gari la Sam Nujoma.

#4 – mtu wa Kimara

Mleta uzi umeandika gazeti zima na mwendokasi hujaigusa. Mgeni anayeenda Posta au Kariakoo akae kwenye daladala masaa mawili wakati kuna njia ya peke yake?

Nafafanua mimi. Mwendokasi ilianza 2016 na awamu ya kwanza ni ya Morogoro Road. Ukitoka Kimara angalia kibao mbele ya basi: linaenda Kivukoni (huko ni Posta na pantoni), Gerezani (hiyo ni Kariakoo) au Morocco. Mgeni akipanda la Morocco akitegemea Kariakoo, atashtukia yuko Kinondoni. Lingine, kuna mabasi yanayosimama kila kituo na kuna yanayoruka vituo. Kabla mlango haujafungwa uliza kama linasimama kituo chako, usije ukaiona Manzese ikipita dirishani.

Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, Kimara kuelekea mjini, mwenye begi kubwa asithubutu. Nasema kwa upendo. Watu wanapigana viwiko pale, na mlango ukifunguka hupandi wewe, unapandishwa. Saa nne hivi inapendeza.

Na mvua zikipiga sana, ulizia Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika barabara inafungwa pale, na mwendokasi inakwama pamoja nayo.

#5 – Mleta uzi

Nimekubali mkuu, umemaliza. Nililiacha makusudi kwa sababu huduma yake inabadilika, leo iko hivi kesho vile. Mgeni amuulize mwenyeji hali ya siku hiyohiyo.

#6 – mwana Mbagala

Kila uzi wa Dar ni Morogoro Road, Morogoro Road. Watu wa Lindi na Mtwara sisi tunaingilia wapi? Kilwa Road! Basi linapita Kongowe, linakuja Mbagala Rangi Tatu kabla halijaona mji. Kama ndugu yako anakaa Mbagala, Mtoni au Temeke, mwambie mhudumu wa basi akushushe huku. Nimeshamwona mtu wa Nachingwea kapitiliza, kaenda kuishia upande wa pili wa mji, halafu anatafuta gari la kurudi alikopita masaa mawili kabla.

Na Mbagala usiseme "nashuka Mbagala". Sema Misheni, Zakhem, Rangi Tatu. Huku Mbagala ni nchi.

#7 – mama wawili

Samahani wakuu, naomba kuuliza tofauti kidogo. Mama yangu mzazi ana rufaa ya Muhimbili, anatoka Dodoma, na mimi ninayemsindikiza ndiyo mara yangu ya kwanza Dar. Yeye hawezi kutembea sana. Tupande treni ya SGR au basi? Na tukifika tunafikaje hospitali?

#8 – mtu wa Kimara

Dada pole kwa kuuguza. Kabla ya yote chukua ile karatasi ya rufaa uisome tena: imeandikwa Upanga au Mloganzila? Muhimbili ina kampasi mbili. Ya zamani iko Upanga, karibu na katikati ya mji, na MOI ya mifupa pamoja na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ziko hapohapo. Mloganzila iko huku nje, upande wa Kibamba, kabla hujafika Mbezi ukitokea Morogoro. Watu wanapita Mloganzila na basi, wanafika Upanga, wanaambiwa rudini. Mgonjwa ndiye anayeumia.

Kama ni Upanga, pandeni SGR. Dodoma hadi Dar kwa treni ilianza 2024 na inakushusha stesheni ya katikati ya mji. Mama hatikiswi njiani na vyoo vipo. Tiketi inakatwa kwa jina na kitambulisho, kwa hiyo NIDA ya mama isibaki nyumbani. Kutoka stesheni hadi Upanga ni karibu, chukueni bajaji au gari dogo, msihangaike na daladala na mgonjwa.

Kama ni Mloganzila, basi ndiyo njia yenu. Shukeni Kibamba, pale mnachukua usafiri wa kuingia ndani. Mkija na treni mtakuwa mmepitiliza na mtalazimika kurudi kilomita nyingi na foleni juu.

#9 – mama wawili

Nimeangalia, imeandikwa Mloganzila! Mungu akubariki sana kaka yangu. Nilishaanza kuangalia nauli ya treni.

#10 – konda mstaafu

Nimesoma mpaka hapa, naona konda anasemwa tu. Nimefanya hiyo kazi miaka, ruti ya Buguruni nimeila, kwa hiyo acheni niwape siri.

Konda ana hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, kichwani toka asubuhi. Hana muda wa kukuhadithia. Lakini mgeni akipanda akasema mapema, "kaka mimi mgeni, nishushe Tabata Bima", konda atakukumbuka. Kaa siti za karibu na mlango, usijifiche nyuma. Ukishalipa usinyamaze moja kwa moja, mkikaribia nusu ya safari mkumbushe. Abiria pia watasikia, na hao ndio wanaokushusha kweli, kwa sababu konda saa nyingine yuko nje ananing'inia mlangoni anaita watu.

Kushuka: sema "shusha!" kituo kikiwa mbele, siyo gari likiwa limeshasimama linaondoka. Sauti itoke. Ukisema kwa aibu, dereva anasikia redio tu. Konda akishagonga bodi gari linasimama, na hapo uwe umeshasimama na begi lako. Ukianza kutafuta kandambili chini ya siti utasikia maneno.

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Usimuulize konda "shilingi ngapi", maana umeshamwambia hujui. Muulize abiria wa pembeni, halafu mpe kamili.

#11 – mtu wa Tabata

Konda mstaafu kumbe ni nyie mliokuwa mnatukatishia ruti Relini 😂

#12 – konda mstaafu

Sikatai wala sikubali.

#13 – binti wa Songea

Jamani nimejifunza mengi. Swali la mwisho: hizi programu za kuita gari kwa simu, ni salama kwa mtu mgeni? Dada wa chuo ananiambia niziweke kabla sijatoka.

#14 – Mleta uzi

Ziweke, na uziweke ukiwa huko nyumbani kwenye mtandao mzuri, usajili na namba yako kabisa. Bolt na inDrive ndizo utakazosikia sana huku, na unaweza kuchagua gari, bajaji au boda. Faida kubwa kwa mgeni ni kwamba bei unaiona kabla hujapanda, na mtu wa nyumbani unaweza kumtumia safari yako aifuatilie.

Lakini angalia haya. Dereva atakupigia akuulize unaenda wapi na unalipa nini. Akitaka ufute safari mpatane pembeni, kataa, mwache yeye afute. Chombo kikija soma namba ya gari, ikitofautiana na ya kwenye simu usipande hata kama jina lako amelitaja. Usiulize "wewe ndiye fulani?" Muulize "umekuja kumchukua nani?" akutajie yeye.

Stendi usiite gari ukiwa umesimama getini na simu inawaka mkononi. Liite ukiwa ndani, utoke likishafika. Boda na mabegi mawili sahau, hata bei iwe sawa na bure. Chukua bajaji, begi moja miguuni na lingine katikati yako na ukingo wa ndani. Kuna wakwapuzi wa pikipiki wanaopita ubavuni, na kitu kilichokaa upande wa wazi ni chao.

#15 – mwana Mbagala

Kariakoo hamjasema. Akienda kununua godoro na ndoo ya chuo je?

#16 – Mleta uzi

Godoro anunue karibu na chuo, nauli ya kulibeba kutoka Kariakoo inaweza kununua mto. Vitu vidogo ndiyo aende Kariakoo, asubuhi, na mtu anayeijua.

Akiona mtu mbele yake kaangusha bulungutu la pesa, na mwingine anamnong'oneza "dada tumeziona wawili, tugawane", asiiname wala asijibu, atembee. Hao wawili wametoka nyumba moja asubuhi.

#17 – mtu wa Tabata

Na akitaka kwenda Kigamboni kuona bahari wikiendi, mwambieni kabisa: kuna pantoni pale Kivukoni, nauli ya mtu wa miguu ni ndogo, unavuka dakika chache tu. Jumapili jioni kurudi ni foleni ya kufa mtu, kwa hiyo awahi kabla ya saa kumi, au arudi na gari linalopita Daraja la Nyerere litakalomtoa Kurasini. Hapo atakuwa Mandela Road, na kwa kuwa ameusoma uzi huu, anajua Mandela Road inampeleka Ubungo.

#18 – binti wa Songea

Ubungo, halafu Sam Nujoma, nashuka chuo. Nimeandika kwenye karatasi.